Sayansi: Tuulize Ushahidi Kabla ya Kuuliza Cheo

Majuzi nilialikwa kushiriki katika mjadala ulioandaliwa na wanafunzi katika bewa mojawapo la chuo kikuu humu nchini. Mada ilikuwa uhusiano baina ya sayansi, falsafa na jamii. Ukumbi ulijaa pomoni, lakini wengi wa waliohudhuria walitoka katika vitivo vya sanaa na elimu. Wa fizikia, kemia na uhandisi ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Baada ya wasemaji watatu kutoa hoja zao, mwanafunzi mmoja wa kemia alisimama akauliza: "Daktari, mimi nikiingia maabara hupima na kupata jibu. Hiyo falsafa yenu itaniongezea nini katika jibu langu?" Baadhi ya wenzake walimpigia makofi.

Nilipewa dakika mbili za kumjibu, na dakika mbili hazikutosha. Safu ya leo ndiyo jibu nililodaiwa.

Kwanza niseme kwamba swali lenyewe si la kupuuzwa. Yamkini linawakera wengi ambao hawajapata ujasiri wa kuliuliza hadharani. Aidha, limekuja wakati mwafaka. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu achague mkondo mmoja kati ya mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na michezo. Sina ugomvi na mpango wa kumruhusu mtoto afuate kipawa chake. Ninachohofia ni kwamba mwenye kushika mkondo wa kwanza ataamini kuwa maswali ya jamii hayamhusu, naye wa mkondo wa pili ataamini kuwa ushahidi wa maabara ni siri ya wengine. Hatari ya utengano huo si ya kubuni. Historia yetu wenyewe katika Afrika Mashariki imetupa mifano, na nitaanza na ule unaopendeza.

Mwaka wa 1963, kijana mmoja wa Tanganyika aliyeitwa Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi pale walizoea kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja, akihofia kukosa nafasi, Mpemba aliyatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya muda wa kama saa moja na nusu alikuta yake yameganda, ilhali ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha yalikuwa bado hayajaganda. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Jambo kama hilo haliwezekani.

Mpemba hakuliacha swali lake. Alipojiunga na Shule ya Upili ya Mkwawa mjini Iringa aliliuliza tena, wakati huu mwalimu alipokuwa akifundisha kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu. Jibu alilopata lilikuwa kejeli: kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo darasa zima likapata msemo wa kumdhihaki kila alipokosea hesabu. Kisha Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, akaja kutoa mhadhara shuleni. Mpemba akamwuliza swali lilelile mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne naye alikuwa na shaka, lakini alifanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulifanya: aliahidi kulijaribu.

Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaahidi kwamba wataendelea kulirudia jaribio hadi wapate jibu lililo sahihi! Mwaka wa 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na tangu hapo ajabu hiyo inajulikana duniani kote kwa jina la mwanafunzi aliyechekwa.

Sasa namwomba yule mwanafunzi wa kemia atazame vizuri kisa hiki. Walimu wa Mpemba walikuwa na elimu ya fizikia. Kanuni ya Newton waliijua. Hawakukosa maarifa, walikosa mazoea ya kutenganisha maswali mawili: nani anasema, na anasema nini. Kwa kuwa msemaji alikuwa kijana mwenye kutengeneza aiskrimu, jibu lilitoka kabla ya jaribio. Hata fundi wa maabara, aliyeyaona matokeo kwa macho yake, aliyahesabu kuwa kosa kwa sababu hayakuafikiana na aliyofundishwa. Huko maabara kwenyewe, basi, jibu halipatikani kwa kupima tu. Ni lazima kwanza mtu aamue ni swali gani linalostahili kupimwa, ni la nani, na ni matokeo yapi yatakayokubaliwa kuwa ni matokeo. Maamuzi hayo hayamo katika kipimajoto. Yamo katika vichwa vya watu, na watu wana vyeo, fahari na woga wao.

Kisa cha Mpemba kina mkia ambao aghalabu husahauliwa na wanaomsifu. Mwaka wa 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, waliyachunguza upya majaribio ya aina hiyo wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi. Wengine wangali wanalitafiti, na mjadala haujafungwa. Je, habari hiyo inamwondolea Mpemba heshima yake? Hata kidogo. Heshima yake haikutokana na kuwa sahihi siku zote. Ilitokana na kuuliza swali linaloweza kujaribiwa na kukataa kunyamazishwa na kicheko. Anayempinga leo kwa vipimo anamheshimu kuliko aliyemdhihaki zamani bila vipimo.

Hebu sasa tuugeuze upande wa pili wa shilingi, kwa maana kuna wakati dai lilipokewa kwa shangwe kutokana na cheo cha waliolitamka.

Mwaka wa 1990, ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa ukitia hofu katika kila boma, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, yaani KEMRI, ilitangaza dawa iliyoitwa Kemron. Ilikuwa ni intaferoni kwa kipimo kidogo sana, ambayo mgonjwa aliitumia kwa njia ya mdomo. Rais Daniel arap Moi mwenyewe ndiye aliyeizindua. Iliripotiwa kwamba wagonjwa walirejewa na nguvu na dalili zao zikapungua. Ni nani ambaye asingefurahi? Wakati huo tiba ya kutegemewa haikuwako popote duniani, na hapa palikuwa na habari kwamba Waafrika wameipata, katika ardhi yao, kwa akili zao.

Utafiti ule wa mwanzo, hata hivyo, ulikuwa na upungufu ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza leo angetarajiwa kuutambua: haukuwa na kundi la kulinganishia. Mgonjwa akipata nafuu baada ya kupewa dawa, hujui kama nafuu imeletwa na dawa, na lishe, na matumaini, au na mwenendo wa ugonjwa wenyewe, mpaka uwe na wagonjwa wengine waliofanana naye ambao hawakupewa dawa hiyo. Majaribio yaliyosimamiwa baadaye na Shirika la Afya Duniani katika nchi za Afrika hayakuyathibitisha manufaa yale. Mwaka wa 1998 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uganda, ambalo wagonjwa waligawanywa kwa nasibu, wengine wakapewa intaferoni na wengine kitu kisicho na dawa, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapewa nini. Dawa haikuonyesha faida.

Nasisitiza kwamba siandiki haya ili kuwabeza watafiti wa Kenya. Kukosea katika utafiti si aibu. Ndiyo njia ya kila siku ya sayansi. Mwanafalsafa Karl Popper alilifanya jambo hilo kuwa kiini cha mafundisho yake: dai la kisayansi ni lile linaloweza kuonyeshwa kuwa si kweli, na mwanasayansi mwaminifu hulitafutia dai lake mtego wa kulinasa. Kasoro ilikuwa kwamba, dai likishatamkwa na mkuu wa nchi, kulitafutia mtego kulianza kuonekana kama ukosefu wa uzalendo. Wageni walipoonyesha shaka, wengi wetu tuliiona kuwa dharau ya kikoloni. Haki tuseme, dharau ya aina hiyo ilikuwako, na ipo. Mtu mweusi amechekwa katika maabara za dunia kama Mpemba alivyochekwa darasani. Lakini uchungu wa kudharauliwa, hata ukiwa wa haki namna gani, hauwezi kusimama mahali pa kundi la kulinganishia. Aliyelipa gharama ya fahari yetu ni mgonjwa aliyeweka matumaini yake katika dawa isiyomfaa.

Tungedhani kwamba funzo hilo liliingia. Miaka 30 baadaye, mnamo Aprili 2020, Rais Andry Rajoelina wa Madagascar alizindua kinywaji kilichotokana na mmea wa artemisia kuwa kinga na tiba ya Covid-19, kabla ya kuchapishwa kwa majaribio ya kina. Nchi kadhaa za Afrika zilikiagiza; Tanzania ilituma ndege ikachukue shehena yake. Hoja zilizosikika zilikuwa zilezile za 1990: anayeuliza ushahidi anatumiwa na mabeberu, anayekubali ni mzalendo.

Jambo la kushangaza ni kwamba mmea uo huo una kisa kingine kinachotuonyesha njia iliyonyooka. Mtaalamu wa Kichina, Tu Youyou, alitakiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kuongoza kikundi cha kutafuta dawa ya malaria. Hakuidharau tiba ya mababu zake. Alikusanya zaidi ya maagizo 2,000 ya tiba za kale, na katika kitabu cha karne ya 4 cha mganga Ge Hong akakuta kwamba artemisia iliroweshwa katika maji na kukamuliwa, pasipo kuchemshwa. Akatambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa katika majaribio yake. Akabadilisha njia, akajaribu kwa wanyama, kisha mwaka wa 1972 akainywa yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka wa 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, na leo dawa mseto zenye artemisinini ndizo tegemeo letu la kwanza dhidi ya malaria. Tu Youyou aliwasikiliza wazee wake, kisha akawapima. Asingewasikiliza, asingepata pa kuanzia. Asingewapima, asingejua alichopata.

Je, kuwapima wazee ni mila ya kigeni? Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alilijibu swali hilo. Mwaka uo huo wa 1990 ambao Kemron ilitangazwa, alichapisha kitabu kuhusu hekima ya wazee aliowahoji vijijini mwetu. Alipambanua makundi mawili: wazee wanaoijua na kuieleza mila kama walivyoipokea, na wazee wanaoihoji mila hiyo kwa hoja zao wenyewe. Kwa mujibu wa Oruka, hao wa pili ndio wanafalsafa, na hawakuhitaji kuingia chuoni ili wawe hivyo. Kuhoji, basi, si vazi la kuazima.

Kama mwanaisimu, siwezi kuhitimisha bila kugusia lugha, kwa sababu sehemu ya udhaifu wetu imejificha katika maneno tunayoyatumia kila siku.

Chukua neno dawa. Kiswahili hulitumia kwa kidonge cha hospitali, kwa mzizi wa mganga, kwa hirizi, kwa kinachoua mende na kwa kinachosafisha meno. Ukisema fulani amepata dawa ya UKIMWI, hujasema kama inaponya, inatibu, inapunguza makali au inamfariji tu mgonjwa. Vitenzi vya kupambanua tunavyo: kutibu si kuponya, na kutuliza si kukinga. Tusipovitumia, tangazo la matumaini kidogo hugeuka kuwa tangazo la uponyaji kabla ya jua kutua.

Chukua pia neno nadharia. Mitaani mtu akitaka kuyapuuza maneno ya mwenzake husema, "Hiyo ni nadharia tu," akimaanisha porojo zisizo na vitendo. Katika sayansi nadharia ni kinyume cha porojo. Ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi yakastahimili. Mwanafunzi anayeingia darasani na maana ya mitaani atasikia nadharia ya mageuko au nadharia ya viini vya maradhi, naye atadhani mwalimu anapiga domo.

Zaidi ya yote, iangalie sarufi ya habari zetu: "Imegunduliwa kwamba...", "Imethibitishwa kuwa...", "Utafiti umeonyesha...". Kauli ya kutendwa ni mali halali ya lugha yetu, lakini hapa inafanya kazi ya pazia. Imegunduliwa na nani? Imethibitishwa kwa njia gani, kwa watu wangapi, kwa fedha za nani? Mwalimu wa Kiswahili anayewafunza wanafunzi kuigeuza sentensi ya kutendwa iwe ya kutenda, na kumdai mtenda ajitokeze, anafundisha falsafa ya sayansi hata kama silabasi haisemi hivyo.

Msamiati si kisingizio tena. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990, na Katiba yetu ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Walakini mijadala ya vyuo vikuu kuhusu sayansi huendeshwa kwa Kiingereza, nyuma ya milango iliyofungwa, huku raia anayetakiwa kumeza dawa au kuchanjwa akiachiwa uvumi. Raia asiyeelezwa jinsi ushahidi unavyopatikana hana lake ila kuchagua mtu wa kumwamini, na aghalabu humchagua mwenye sauti kubwa.

Tufanyeje basi? Nina mambo matatu. La kwanza ni la vyuo vikuu: historia na falsafa ya sayansi ifundishwe kwa wanafunzi wa vitivo vyote, wa udaktari na uhandisi wakiwa mstari wa mbele. Tena isifundishwe kwa majina ya Ulaya pekee, kana kwamba sisi hatujapata kukosea wala kupatia. Kemron na Mpemba ni mitaala tosha. La pili ni la walimu wa shule: mwanafunzi akileta swali la ajabu, usimcheke, na wala usimsifu bure. Mpe kipimajoto na daftari. La tatu ni la wasomi wenzangu: tutoke tuzungumze na umma kwa lugha ya umma, na tuwe tayari kuulizwa maswali ambayo majibu yake hatuyajui.

Namrudia yule mwanafunzi wa kemia. Uliuliza falsafa itakuongezea nini katika jibu lako. Huenda isikuongezee hata tarakimu moja. Itakufunza kuuliza nani aliyelichagua swali lako, ni kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea, na ni nani atakayeumia endapo umekosea nawe hukuuliza. Mwaka wa 1963 aliyeumia alikuwa kijana mmoja, na jeraha lake lilikuwa kicheko. Mwaka wa 1990 walioumia walikuwa wagonjwa wengi, na hawakupata nafasi ya kurudia jaribio.

Swali lako lilistahili makofi uliyopigiwa. Ningefurahi zaidi kama mkutano ujao utakuja na wenzako wote wa maabara, mkae safu ya mbele, mtupime nasi kama mnavyopima vitu vyenu.